Kapteni Aliyekataa Kufa

Hollywood,
Jumanne, 6 Agosti 1929

Shangazi Augusta mpenzi,

Natumaini uko mzima, na paka wako pia, ingawa yeye hajawahi kuhitaji matumaini ya mtu. Mimi nilikuwa sijambo mpaka jana asubuhi, Bwana Hasselbeck, mkubwa wa studio yetu, aliponiita ofisini kwake.

"Profesa," akasema (ananiita hivyo kwa sababu nilisoma Kilatini), "wewe si mtu wa Redlands?"

Nikakubali. Nilidhani ni kosa.

"Ukumbi wa sinema upo?"

Nikasema upo, unaitwa Orfeo, wa Bwana Tolliver, na umeshafungwa mashine ya sauti. Basi hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Jumamosi tarehe 17 tunakuja huko kwa onyesho la majaribio.

Desturi yetu ni hii, Shangazi: filamu ikikaribia kukamilika tunaipeleka mji mdogo, tunawaonyesha watu bila kutangaza jina lake, na wakubwa wanakaa safu ya nyuma gizani kusikiliza nani analia na nani anakohoa. Watu wakitoka wanajaza kadi za maoni. Kisha filamu inakatwa upya kwa kufuata vikohozi. Kwa hiyo ni siri kubwa. Tafadhali usimwambie mtu yeyote.

Mimi nimekabidhiwa santuri. Kila mkanda wa picha una santuri yake. Mkanda ndio uso, santuri ndiyo sauti. Ziko tisa, na kwa kuwa kazi haijaisha hatuna nakala nyingine. Bwana Hasselbeck aliniinamia mezani akasema polepole, "Profesa, moja ikivunjika, usirudi hapa." Hatanii. Karani aliyenitangulia aliikalia santuri ya tatu ya filamu fulani, na hadi leo hakuna anayelitaja jina lake humu.

Nikifukuzwa unajua nitakwenda wapi. Baba ameshasema sinema ni moshi, na kwamba nafasi yangu pale kazini kwake, kufunga machungwa kwenye makreti, bado ipo. Nikirudi na sanduku mkononi hatanigombeza. Atanisogezea tu kreti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Filamu inaitwa "Buriani ya Kapteni". Kapteni ni Lionel Strake, yule mwenye nyusi. Katika mkanda wa mwisho anakufa kitandani. Anamuaga mchumba wake, daktari, mama wa mchumba, na farasi wake, ambaye analetwa dirishani. Kila ukidhani amekata roho, anainua kichwa na kusema neno jingine. Bwana Hasselbeck alisema watu wanalipia maneno, basi wapewe maneno. Nadhani inahuzunisha sana. Njoo na leso.

Maana nakuomba uje. Najua uliapa kutokanyaga Orfeo tena tangu Bwana Tolliver alipokuondoa kwenye piano. Lakini nikijua uko ukumbini, nitaogopa kidogo tu.

Mpwa wako mtiifu,
Wendell


Redlands,
Ijumaa, 9 Agosti

We Wendell,

Paka mzima. Amekula shomoro wawili na hana wasiwasi na kazi yake. Ungejifunza kwake.

Sasa nisikilize. Nilikaa kwenye lile piano miaka kumi na mmoja, nikizipigia muziki picha zisizo na sauti. Hakuna aliyenipa karatasi ya muziki, nilitazama nyuso. Mtu akiinua mkono kule kwenye skrini, kabla haujashuka vidole vyangu vimeshajua kama ni kofi au ni kubembeleza. Nimewaliza wanaume wazima wa mji huu, tena wale wanaosema hawalii. Fundi wa viatu alikuwa akija kila Jumatano na vumbi lake la ngozi, anakaa kiti kilekile, na taa zikizimwa hata yeye anakuwa mwana wa mfalme. Hilo ndilo lililowaleta, mwanangu. Ukumbi ukiwa na giza, hakuna maskini wala msomi, kuna macho tu.

Halafu mwezi wa Aprili Tolliver ananiambia, "Gussie, siku hizi picha zinajisemea zenyewe." Nikamwambia, "Bwana Tolliver, hata kasuku hujisemea mwenyewe." Nikachukua kofia yangu. Piano limefunikwa turubai, na juu yake amepanga makreti ya soda. Soda! Sasa nafundisha mabinti wa daktari wa meno, wanaopiga piano kama baba yao anavyong'oa.

Kwa hiyo hapana, sikanyagi Orfeo. Kiapo ni kiapo. Labda nitapita nje kuangalia umevaa nini.

Siri yako iko salama. Nimemwambia Pete Orozco peke yake, kwa kuwa ndiye anayeendesha mashine na angejua tu, na Bi. Lundgren wa duka la mikate, ambaye hamwambii mtu yeyote isipokuwa wateja wake.

Na huyo kapteni anayekufa akiamka, akiamka akifa, ana ugonjwa gani hasa? Kaka yangu Horace huwa hivyo asubuhi.

Kula chakula. Uso wako katika ile picha ya Pasaka ulikuwa kama mshumaa.

Shangazi yako,
Augusta


Hollywood,
Jumatano, 14 Agosti

Shangazi mpenzi,

Naandika kwa haraka. Bi. Lundgren ana wateja wangapi?

Nimekuwa nikifikiri juu ya sanduku la santuri. Likianguka, zote tisa zitavunjika kwa pamoja. Kwa hiyo nimebuni njia. Nane zitakaa sandukuni, zikiwa zimetenganishwa kwa blanketi, na ya tisa, ile ya kifo, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, nitaibeba peke yake. Nitaizungushia sweta yangu nene ya sufu. Nikifika nitaiweka mbali na miguu ya watu, mahali pa juu, pasipoguswa. Nimefanya mazoezi chumbani kwa sahani ya mama mwenye nyumba na haikupata hata mkwaruzo.

Nahisi nafuu kidogo. Nadhani nimefikiria kila kitu.

Wako,
Wendell

Naomba uje. Hata ukisimama nyuma kabisa.


Hollywood,
Jumapili, 18 Agosti

Shangazi mpenzi,

Sijui nianze kwa kukushukuru au kwa kukulaumu, kwa hiyo nitaandika tu yale niliyoyaona kutoka chumba cha mashine. Wewe ulikuwa chini na huenda huyajui.

Nilifika alasiri. Sanduku salama. Santuri ya tisa nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, ndani ya sweta, mahali pa juu, pasipoguswa. Sikuuliza dirisha linatazama wapi. Linatazama magharibi, Shangazi. Jua la Agosti liliipiga ile sufu mpaka jioni.

Mikanda minane ikaenda vizuri, ukiacha vikohozi. Vilikuwa vingi. Kuanzia mkanda wa tano nilisikia hata mtu anayekoroma. Kisha Pete akanyoosha mkono apewe ya tisa. Nikaifungua. Ilikuwa imejikunja kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani.

Pete akaishika kwa vidole viwili. "Mwana wa Horace," akasema, "hii si santuri tena. Hii bakuli."

Nikamwomba awashe taa, asimamishe kila kitu. Akasema, "Nikiwasha taa sasa watavunja viti. Picha haingoji mtu," akauachia mkanda. Kapteni akafungua mdomo na hapakutoka kitu. Ukumbi mzima ukawa kimya, na katika kimya kile nikaona kofia ya Bwana Hasselbeck ikigeuka polepole kutazama juu, kwangu.

Hapo ndipo niliposikia makreti ya soda yakiburuzwa. Na Bwana Tolliver: "Gussie! Gussie, hapana! Weka chini!" Na sauti ambayo ningeijua hata kaburini: "Kamata hili wewe mwenyewe, basi, una mikono ya nini?"

Sikujua kama ulikuwa umekuja. Nusura nilie.

Ulianza vizuri. Polepole, kwa huzuni. Kapteni akaaga, akalaza kichwa, nawe ukapiga ule mpigo wa mwisho, mzito, kama mlango wa kanisa unaofungwa. Kisha akainua kichwa. Mtu mmoja akacheka. Ukaanza upya. Akalaza kichwa, ukafunga mlango. Akainua tena, na safari hii ukaingia na polka, muziki ule wa kurukaruka harusini.

Polka, Shangazi! Mtu yuko mahututi!

Kuanzia hapo kila alipoinuka ulimrukia na polka, na kila alipolala ukafunga mlango, lakini kwa haraka zaidi, kama mtu anayemwambia mgeni basi, kwaheri, nenda. Farasi alipoingiza kichwa dirishani watu walikuwa wanapiga sakafu kwa miguu. Pete aliegemea mashine akifuta macho. Nasoma kadi za maoni kila wiki, najua jambo moja: watu wakicheka kwenye kifo, filamu imekwisha, na aliyeileta amekwisha pamoja nayo.

Bwana Hasselbeck alitoka kabla taa hazijawaka, leso usoni. Bwana Strake, aliyekuja kujitazama, alimfuata akiwa amejifunika uso kwa kola. Gari lao liliondoka bila mimi. Nilirudi kwa treni na sanduku mapajani. Leo, siku ya Mungu, katibu wake amepiga simu kwa mama mwenye nyumba: nifike ofisini Ijumaa saa nne. Si kesho. Ijumaa. Nadhani wanahitaji muda kuandaa maneno.

Nimeshafunga mizigo yangu. Mwambie Baba aandae kreti, au usimwambie, sijui.

Swali langu ni moja tu. Nyimbo za huzuni unazijua zote. Kwa nini hukupiga hata moja hadi mwisho?

Wako,
Wendell


Redlands,
Jumanne, 20 Agosti

Wendell mwanangu,

Fungua mizigo. Kujiuzulu kabla hujafukuzwa ni kumfanyia mtu kazi yake bure.

Kuhusu polka, nisamehe mwanamke mzee. Nilitoka nyumbani kwa haraka, miwani nikaiacha juu ya kopo la siagi. Bila miwani naona vivuli tu. Ule mpigo wa kwanza niliupiga kwa moyo safi, nikidhani marehemu amekwisha kuwa marehemu. Alipoinuka nilidhani ni mtu mwingine. Alipoinuka tena nikadhani ni mlevi na hii ni komedi. Nani angejua? Huko nyuma, mlevi kitandani alikuwa polka siku zote.

Sasa na mimi nikueleze ambayo wewe hukuyaona kutoka huko juu.

Nilikuja kupita nje tu, kama nilivyosema. Lakini Bi. Lundgren alikuwa amewaleta wateja wake wote na foleni ikanisomba mpaka ndani. Nikakaa pembeni, nimevaa kofia kubwa, nikitegemea Tolliver asinione. Mikanda minane nilisikiliza watu wakisemezana kule juu kama wauza vitunguu. Ukumbi ulikuwa umekufa. Nilimwangalia fundi wa viatu. Alikuwa anasafisha kucha. Huyo ndiye niliyekuambia juu yake. Mwana wa mfalme, anasafisha kucha.

Kisha sauti ikakatika, na unajua alifanya nini? Aliinua kichwa. Wote waliinua vichwa. Kwa mara ya kwanza usiku ule walikuwa wanatazama. Basi miguu yangu ikanyanyuka yenyewe, kiapo kikabaki kwenye kiti.

Na baba yako alikuwepo. Ndiyo, Horace. Alinunua tiketi, akasema amekuja kupumzisha mgongo. Farasi alipotokea alimpiga mtu wa pembeni paja mpaka yule mtu akahama. Tangu mama yako afariki sijamsikia kaka yangu akicheka kwa sauti. Ana kicheko kibaya, kama bata. Nilikuwa nimekisahau.

Nje akaniuliza, "Hii imeletwa na mwanangu?"

Nikasema, "Imeletwa na mwanao."

Akajaza kadi mbili. Aliomba ya pili.

Nenda Ijumaa. Vaa tai ya bluu. Sema ukweli wote, kwa kuwa hujui kusema kitu kingine, na ukijaribu utatapika.

Augusta

Tolliver ameondoa makreti. Nimekuta piano limefutwa vumbi.


Hollywood,
Ijumaa, 23 Agosti

Shangazi mpenzi, mpenzi sana,

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Nilivaa ya bluu. Bwana Hasselbeck alikuwa amekaa amevaa kofia ndani ya nyumba, na mbele yake rundo la kadi za Redlands. Hakunikaribisha kiti.

"Profesa. Nani aliamuru piano?"

"Hakuna, bwana."

"Yule mama ni nani?"

"Shangazi yangu, bwana."

Akanitazama. Basi nikaeleza yote: sanduku, blanketi, dirisha, jua. Nilipofika kwenye sweta alinyanyua kidole.

"Uliivalisha sweta?"

"Ndiyo, bwana. Isivunjike."

"Mwezi wa nane?"

"Ndiyo, bwana."

"Na ilivunjika?"

"Hapana, bwana. Ilijikunja."

Akavua kofia, akaiweka juu ya kadi. Kisha akasema, "Nilikwambia ikivunjika usirudi. Hukuvunja. Umeipika. Juu ya kupika sikutoa amri." Na mabega yake yakaanza kutikisika, Shangazi, na nikaelewa ile leso usoni ilikuwa ya nini. Alikuwa anacheka! Jumamosi ile alitoka nje kwa sababu alikuwa anacheka na hakutaka Strake amwone. Alijificha nyuma ya gari lake mpaka akapaliwa.

Akanisogezea kadi. Nimeruhusiwa kunakili chache. "Komedi bora ya mwaka, ila mwanzo mrefu." "Huyu kapteni ni fundi wa kuchekesha, kwa nini mlimficha?" "Asante kwa kunyamaza." Na moja bila jina, kwa mwandiko ninaoufahamu kutoka kwenye lebo za makreti ya machungwa: "Aliyeileta filamu hii apandishwe cheo." Niliigeuza kifudifudi kabla Bwana Hasselbeck hajauliza.

"Mwaka mzima," akasema, "nakaa safu ya nyuma nikiwasikiliza watu wakisikiliza. Nilisahau kwamba zamani walikuwa wanakuja kutazama."

Sasa sikia. Filamu yote inakatwa upya. Inakuwa komedi, na jina lake ni "Kapteni Kakataa". Mkanda wa mwisho utabaki bila neno hata moja, ila piano. Bwana Strake alipoambiwa alitupa kofia dirishani. Jana wakamwonyesha mkanda ule katika chumba kilichojaa wapiga taipu wa kike, na mtu akapiga polka kwenye gramafoni, si kama wewe lakini ilitosha. Walilia kwa kicheko. Aliposimama walimpigia makofi. Sasa anamwambia kila mtu kwamba ndivyo alivyokusudia tangu siku ya kwanza.

Wanakutaka wewe. Alhamisi ijayo, katika chumba cha sauti, ili polka yako na ile milango ya kanisa iingie kwenye santuri. Kwa hiyo kila watakapoionyesha, hata katika miji ambayo hatutaijua kamwe, hata sisi tukiwa hatupo, mtu kama fundi wako wa viatu atainua kichwa, nawe utakuwepo pale pembeni unafunga mlango. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Na mimi sifukuzwi. Nitahudhuria kila onyesho la majaribio, nikae katikati ya watu, niandike wanapocheka. Bwana Hasselbeck anasema mtu mwenye hofu ana masikio mazuri. Santuri amepewa karani mwingine. Nilimshauri asitumie sufu.

Limebaki jambo moja, nami ni mtu wa kumbukumbu sahihi, utanivumilia. Unasema miwani uliiacha kwenye kopo la siagi. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye kidirisha cha mashine, na taa ndogo ya piano ilikuwa inawaka. Uliinua uso ukatazama juu kabla tu ya polka ya kwanza. Miwani iling'aa, vioo vyote viwili. Ilikuwa puani mwako, Shangazi. Na kwamba kapteni hufa akiamka nilikwandikia mimi mwenyewe. Ulijua ni mtu mahututi.

Kwa nini, basi?

Mpwa wako, bado karani,
Wendell


Redlands,
Jumapili, 25 Agosti

We mtoto una macho kama polisi.

Haya. Ilikuwa puani.

Nilikuwa nampigia yule mtu wimbo wake wa kufa, vizuri tu, kwa heshima zote. Akainua kichwa, mtu akacheka; akainua tena, nami nikageuka kutazama juu kama nilivyozoea kumtazama Pete nijue mkanda umebaki kiasi gani. Nikakuona wewe. Uso mweupe kwenye kidirisha kile, mdomo wazi, mikono kichwani. Nikamtazama wa kitandani, nikakutazama wewe. Wote wawili mnakata roho.

Yule wa kitandani ana nyusi na mshahara, atafufuka Jumatatu. Wewe ni mmoja tu. Sikuwa na vidole vya kuomboleza wawili, kwa hiyo niliamua kwamba usiku ule hafi mtu.

Alhamisi nitakuja na treni ya asubuhi. Horace anasema atanisindikiza, eti kupumzisha mgongo. Tolliver naye ameniuliza kwa adabu kama ningependa kupiga Jumatano kabla ya picha kuanza. Nimemwambia nitatazama ratiba yangu ya Hollywood.

Sweta yako ilibaki kwa Pete. Imefuliwa. Nitakuletea, lakini nitaivaa mwenyewe njiani, nisije nikakuta umeshapata kitu kingine cha kukivalisha.

Shangazi yako,
Augusta